Mchapuko kwa wakati au mchapuko kwa mahali? dv/dt na v·dv/dx zikilinganishwa

Mwanafunzi anayeanza kalkulasi hufundishwa mapema kwamba kasi ni derivativu (yaani kiwango cha badiliko) ya mahali kwa kufuata wakati, v = dx/dt, na kwamba mchapuko ni derivativu ya kasi kwa kufuata wakati, a = dv/dt. Baadaye, mara nyingi bila maelezo ya kutosha, hukutana na umbo jingine la mchapuko uleule, a = v·dv/dx, pamoja na umbo la tatu ambalo ni ndugu yake wa karibu, a = d(½v²)/dx. Maumbo haya matatu yanaeleza kitu kimoja, lakini hayamfai mtu kwa kiwango kimoja anapokabili swali fulani. Anayechagua umbo lisilofaa hukwama katika mstari wa pili wa hesabu, akadhani hajui kutafuta integrali (kinyume cha derivativu), ilhali alichokosa ni uchaguzi uliopaswa kufanywa kabla ya hesabu kuanza.

Kwanza maneno yaeleweke. Hapa x ni mahali pa kitu kinachosogea katika mstari ulionyooka, pakipimwa kutoka nukta moja iliyochaguliwa. Herufi t ni wakati. Herufi v ni kasi yenye mwelekeo, hivyo huwa chanya kitu kinapoelekea upande mmoja na hasi kinaporudi. Na a ni mchapuko, ambao nao una alama yake. Umbo la pili linatokana na kanuni ya mnyororo. Ikiwa kasi inaweza kuandikwa kuwa funksheni ya mahali, na mahali penyewe ni funksheni ya wakati, basi dv/dt = (dv/dx)·(dx/dt), na kwa kuwa dx/dt ndiyo v yenyewe, tunapata v·dv/dx. Umbo la tatu linafuata mara moja, kwa sababu derivativu ya ½v² kwa kufuata x ni v·dv/dx. Anayetaka kujiridhisha achukue x = t² kwa t iliyo kubwa kuliko sifuri. Kwa njia ya wakati, v = 2t na a = 2. Kwa njia ya mahali, v = 2√x na dv/dx = 1/√x, na zao la hizo mbili ni 2 vilevile.

Maswali mawili ya kuanzia

Wengi huuliza watumie fomula ipi kabla hawajatazama mchapuko umeandikwaje. Naona maswali yanayofaa ni mawili, na yote hujibiwa kwa kusoma tu: mchapuko umetolewa kwa kigeu kipi, na jibu linalotafutwa linafungamana na kigeu kipi? Mlinganyo wa aina hii hutatulika kwa urahisi pale unapobeba vigeu viwili tu. Umbo la dv/dt huleta v na t, na umbo la v·dv/dx huleta v na x. Kwa hiyo mchapuko ulioandikwa kwa t, kama a = 6t − 4, unaita dv/dt; ulioandikwa kwa x, kama a = −9x, unaita v·dv/dx; na ulioandikwa kwa v, kama a = −0.5v, unayakubali yote mawili, na hapo ndipo swali la pili linapoamua.

Kosa ambalo maswali haya hulizuia ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu amepewa a = −9x, akaandika dv/dt = −9x, ambayo ni kweli kabisa, kisha akatafuta integrali ya upande wa kulia kwa kufuata t na kupata v = −9xt pamoja na kisobadilika. Ameichukulia x kana kwamba imesimama mahali pamoja, ilhali x hubadilika kila t inapobadilika, na ni mabadiliko hayo hasa anayotakiwa kuyatafuta. Hatua zote zinazofuata zinaweza kuwa safi na jibu likabaki batili. Sijui kosa jingine katika sehemu hii ya kalkulasi linalopoteza juhudi nyingi kiasi hiki, na dawa yake ni kuhesabu vigeu kabla ya kuandika alama ya integrali.

Kwa mchapuko ulioandikwa kwa wakati hakuna mengi ya kujadili. Kitu kikianza kikiwa kimetulia kwenye x = 0 na a = 6t − 4, integrali ya kwanza hutoa v = 3t² − 4t na ya pili hutoa x = t³ − 2t². Kutumia njia ya mahali hapa kungemlazimu mtu aandike t kwa x, yaani atatue mlinganyo wa kipeo cha tatu, kazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Mchapuko usiobadilika

Mchapuko usiobadilika hauna t, x wala v ndani yake, hivyo huruhusu njia zote. Chukua gari linalokwenda mita 20 kwa sekunde, likafungwa breki na kupata mchapuko wa mita −5 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa njia ya wakati, v = 20 − 5t, hivyo gari husimama baada ya sekunde 4; kisha x = 20t − 2.5t², na kwa t = 4 tunapata mita 40. Kwa njia ya mahali, v·dv/dx = −5 hutoa ½v² = 200 − 5x, na kwa v = 0 tunapata mita 40 kwa hatua moja, bila kuujua wakati. Aliyeulizwa umbali tu na akapita njia ya wakati hakukosea, ila amefanya kazi ya ziada. Aliyeulizwa muda na akapita njia ya mahali bado ana integrali nyingine mbele yake. Fomula mbili zinazokaririwa shuleni, v = u + at na v² = u² + 2ax, ambapo u ni kasi ya mwanzo, ni matokeo ya njia hizi mbili, na anayejua zilikotoka hatajaribu kuzitumia pale mchapuko unapobadilika.

Swali la kama kasi ifuatishwe na wakati au na mahali lina historia yake. Galileo Galilei, katika barua ya mwaka 1604, alishikilia kwamba kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka sawia na umbali kilioanguka. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1638 alikuwa amekwisha kuacha wazo hilo, akafafanua mchapuko ulio sawa kuwa ni nyongeza sawa za kasi katika vipindi sawa vya wakati. Kwa zana tulizonazo leo, ugumu wa wazo la kwanza huonekana upesi: v = kx hutoa a = v·dv/dx = k²x, na kitu kilichotulia kwenye x = 0 kina kasi ya sifuri na mchapuko wa sifuri, kwa hiyo hakitaanza kuanguka kamwe.

Mchapuko ulioandikwa kwa mahali

Hapa njia ya mahali haina mshindani wa kweli. Kitu kilichofungwa kwenye springi kikavutwa mita 0.2 kutoka katikati na kuachiwa, chenye a = −9x, hutoa v·dv/dx = −9x, kisha ½v² = −4.5x² pamoja na kisobadilika, na kwa kuwa v ilikuwa sifuri pale x ilipokuwa 0.2, tunapata v² = 9(0.04 − x²). Kasi kubwa kuliko zote, inayopatikana katikati, ni mita 0.6 kwa sekunde, na kwenye x = 0.1 ukubwa wa kasi ni takribani mita 0.52 kwa sekunde. Kama swali ni la kasi mahali fulani, kazi imekwisha. Kama swali ni la wakati, inabidi kuandika dx/dt = −3√(0.04 − x²) kwa safari ya kwanza ya kuelekea upande wa pili, kutenga vigeu na kutafuta integrali tena, ambayo mwishoni hutoa x = 0.2 cos 3t. Aliyekwisha kuzoea milinganyo ya d²x/dt² = −9x atalitambua jibu hilo moja kwa moja bila kupitia kasi; kwake, kwa springi tu, njia ya wakati hurudi kuwa fupi.

Mvutano wa Dunia unaonyesha tofauti hiyo kwa ukubwa zaidi. Nje ya Dunia, mchapuko hupungua kwa kufuata mraba wa umbali kutoka katikati, a = −gR²/x², ambapo x sasa ni umbali huo, R ni nusu kipenyo cha Dunia na g ni ukubwa wa mchapuko wa mvutano kwenye uso wa Dunia. Mlinganyo dv/dt = −gR²/x² una vigeu vitatu na hauendi popote ukiachwa hivyo. Njia ya mahali hutoa ½v² = ½u² − gR² (1/R − 1/x), na kitu kisirudi kamwe inatosha ½u² iwe sawa na gR, yaani u = √(2gR). Kwa g ya 9.81 na R ya kilomita 6,371, kasi hiyo ni takribani kilomita 11.2 kwa sekunde, ukinzani wa hewa ukiachwa kando. Ni mistari mitatu ya hesabu kwa jambo zito kiasi hicho, na hakuna mahali wakati ulipotajwa.

Umbo la tatu, d(½v²)/dx, hustahili kupendelewa kuliko la pili katika kundi hili la maswali. Ukizidisha kwa tungamo, ½mv² ni nishati mwendo, na mlinganyo wote unasema kwamba kiwango cha badiliko la nishati mwendo kwa kila mita ni kani inayotenda. Anayesoma fizikia na kalkulasi pamoja apaswa kuliona hilo mapema, kwa sababu kanuni ya kazi na nishati anayofundishwa kama somo tofauti ni umbo hili lililotafutiwa integrali.

Pale njia zote mbili zinapowezekana

Mchapuko unaotegemea kasi ndio unaonifanya niamini kwamba kulinganisha njia hizi si suala la urahisi peke yake. Chukua kitu chenye kasi ya mwanzo ya mita 10 kwa sekunde kinachopunguzwa mwendo na ukinzani sawia na kasi, a = −0.5v. Kwa njia ya wakati, dv/dt = −0.5v hutoa v = 10e^(−0.5t): baada ya sekunde 2 kasi ni takribani 3.68, nayo huendelea kupungua bila kufika sifuri kwa t yoyote. Kwa njia ya mahali, v·dv/dx = −0.5v, na kwa kuwa v si sifuri tunaigawa pande zote mbili na kubaki na dv/dx = −0.5. Hivyo v = 10 − 0.5x. Grafu ya kasi dhidi ya mahali ni mstari ulionyooka unaofika sifuri kwenye mita 20.

Msomaji asimame hapa kidogo. Njia moja inasema kitu hakisimami kamwe, na nyingine inasema kasi ni sifuri kwenye mita 20. Hakuna mgongano: kitu hukaribia mita 20 bila kuzifikia, na huchukua muda usio na mwisho katika kukaribia huko. Ukitafuta integrali ya v kwa kufuata t unapata x = 20(1 − e^(−0.5t)), ambayo inathibitisha yote mawili. Lakini aliyetumia njia ya wakati peke yake angeweza kuona "hakisimami kamwe" akadhani kwamba umbali nao hauna kikomo, na aliyetumia njia ya mahali peke yake angeweza kuona "mita 20" akadhani kwamba kuna dakika ambayo kitu kinafika na kutulia. Kila njia inaonyesha upande mmoja wa mwendo.

Ukinzani ukiwa sawia na mraba wa kasi, a = −kv², sura hugeuka. Njia ya wakati hutoa v = u/(1 + kut), na njia ya mahali hutoa v = u·e^(−kx). Safari hii umbali wenyewe hauna kikomo, kwa sababu hakuna x yoyote inayofanya v kuwa sifuri, ingawa kasi hupungua muda wote. Ushauri wangu kwa mchapuko wa aina hii ni kufuata swali: ukiulizwa "baada ya sekunde ngapi", anza na dv/dt, ukiulizwa "baada ya mita ngapi", anza na v·dv/dx, na muda ukiruhusu, fanya njia zote mbili.

Mahali ambapo v·dv/dx inahitaji tahadhari

Njia ya mahali inadai kwamba kasi ni funksheni ya mahali, na dai hilo si kweli nyakati zote. Mpira uliorushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde, tukichukua g kuwa 10, hufika mita 20 na kurudi. Kwenye mita 15 mpira hupita mara mbili, baada ya sekunde 1 na baada ya sekunde 3, ukiwa na kasi ya 10 na kisha −10. Mahali pamoja, kasi mbili. Mlinganyo v² = 400 − 20x unazibeba zote bila tatizo, lakini mara tu unapochukua kipeuo cha pili unalazimika kusema ni sehemu gani ya safari unayoizungumzia, nao wakati peke yake ndio unaoweza kuitofautisha kupanda na kushuka.

Tena, juu kabisa pale v inapokuwa sifuri, dv/dx = −10/v haina thamani, ingawa mchapuko wenyewe unabaki −10 kama ulivyokuwa. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea d(½v²)/dx: ½v² = 200 − 10x ni mstari ulionyooka, na derivativu yake haina kasoro popote.

Jambo la mwisho katika hili hupitwa na wengi. Mlinganyo wa v² peke yake hukubali mwendo ambao haukuwamo katika swali. Chukua a = 2, kitu kikianza kimetulia kwenye x = 0; njia ya mahali hutoa v² = 4x. Derivativu ya pande zote kwa kufuata wakati ni 2va = 4v, yaani v(a − 2) = 0, ambayo hutimizwa na a = 2 au na v = 0 daima. Kitu kinachobaki kimetulia kwenye sifuri milele kinatosheleza v² = 4x, lakini hakitoshelezi a = 2 tuliyoanza nayo. Kwa hiyo jibu la njia ya mahali lipimwe kwa kurudishwa kwenye mchapuko wa awali kila mara kitu kinapoanza kikiwa kimetulia.

Alama zipi, na je, dx hukatwa?

Uchaguzi wa umbo unaambatana na uchaguzi wa alama. Isaac Newton aliweka nukta juu ya herufi, moja kwa kasi na mbili kwa mchapuko. Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha alama za d mwaka 1684. Joseph-Louis Lagrange alitumia kistari kidogo, f′, katika kazi yake ya mwaka 1797. Nukta ni fupi na hupendeza pale wakati ukiwa kigeu pekee cha kufuatwa, kama katika springi, lakini haziwezi kuandika dv/dx hata kidogo. Kistari kina hatari kubwa zaidi katika mada hii, kwa kuwa v′ haisemi kama derivativu imechukuliwa kwa kufuata t au x, na hizo ni namba mbili tofauti: katika mfano wa x = t², dv/dt ni 2 ilhali dv/dx ni 1/t. Kwa kazi ya kubadilisha kutoka wakati kwenda mahali, alama za Leibniz ndizo za kuchagua, maana zinasema wazi kinachofuatwa. Vijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge walioanzisha chama mwaka 1812, Charles Babbage akiwa mmoja wao, walipigania alama hizo zichukue nafasi ya nukta huko Uingereza, nami naona walikuwa na sababu nzuri.

Alama hizo huleta kishawishi cha kuzichukulia derivativu kama sehemu zenye kiasi na asili, dx ya juu ikikatwa na dx ya chini. Katika derivativu za kwanza kishawishi hicho hakileti madhara, kwa sababu kila "ukataji" una kanuni halali nyuma yake: kanuni ya mnyororo, au kanuni kwamba dt/dx = 1/v pale v isipokuwa sifuri. Kuandika v dv = a dx na kutafuta integrali pande zote mbili ni njia fupi ya kusema kilekile, na hakuna haja ya kumzuia mwanafunzi anayejua kilichofupishwa.

Derivativu za pili hazivumilii hilo. d²x/dt² si mraba wa dx/dt, na hapa makosa huanza kwa kufanana kwa maandishi: kwa x = t², mchapuko ni 2 lakini mraba wa kasi ni 4t². Wala d²t/dx² si moja gawanya kwa mchapuko. Kuipata kwa uhalali, anza na dt/dx = 1/v, kisha chukua derivativu kwa kufuata x: −(1/v²)·dv/dx, na kwa kuwa dv/dx = a/v, jibu ni −a/v³. Kwa x = t² tena, t = √x, na derivativu ya pili ya √x ni −1/(4x√x), yaani −1/(4t³); fomula nayo hutoa −2/(2t)³, ambayo ni −1/(4t³) vilevile, wala si ½ ambayo ukataji wa kubahatisha ungeitoa.